Neno Isa: Sauti Moja, Asili Mbalimbali

Katika nyumba ya Kiislamu iliyo karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, mama aweza kumwita mwanawe kwa maneno mawili yanayosikika kama neno moja lililorudiwa: "Isa, isa!" La kwanza ni jina la mtoto, alilopewa kwa kumkumbuka Nabii Isa, amani iwe juu yake. La pili ni Kinyakyusa, na maana yake ni "njoo". Mtoto haoni tatizo lolote, huja mbio kwa mamaye. Walakini mtu mzima mwenye kufikiri yafaa ajiulize: je, maneno haya mawili ni ndugu, ama ni wageni waliokutana njiani?

Si ajabu swali kama hili kuzuka Rungwe. Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, uko katika nchi ya mvua nyingi, ya migomba na mashamba ya chai, chini ya Mlima Rungwe ambao kimo chake chapata mita 2,960. Wenyeji wake wengi husema Kinyakyusa, lugha inayosemwa pia Kyela, na ndugu zao Wangonde huisema ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, Malawi. Jirani zao ni Wasafwa na Wandali. Sokoni kuna Kiswahili, shuleni kuna Kiingereza, na msikitini kuna Kiarabu. Mahali penye lugha nyingi hivyo, maneno lazima yatagongana.

Twaandika habari hii kwa sababu kugongana huko kwaweza kuzaa hoja zisizo na msingi. Mtu aweza kusimama na kusema: "Wazee wa Rungwe walikuwa wakisema isa tangu kabla ya wamisionari wa Moravian kufika mwaka 1891. Isa maana yake ni njoo. Basi wazee hao walikuwa wakimwita Nabii Isa pasipo wenyewe kujua." Hoja hiyo ni tamu masikioni, na msikilizaji asiyechunguza aweza kuipokea kwa furaha. Lakini dini ya kweli haihitaji kuegemezwa juu ya ukuta wa udongo mbichi. Na tuyachunguze maneno yenyewe.

ISA YA KINYAKYUSA

Katika Kinyakyusa, kitenzi cha kuja ni ukwisa. Anayeitwa huambiwa isa, au isaga. Neno hili si la Rungwe peke yake. Wabemba wa Zambia nao husema ukwisa, na mgeni akikaribishwa kwao huambiwa "isa kuno", yaani njoo hapa.

Mswahili atasema kwamba neno hilo ni geni kwake. La, si geni. Ni neno lake mwenyewe katika vazi jingine. Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu wameona kwamba ukwisa ya Kinyakyusa, kuja ya Kiswahili, kuza ya Kinyarwanda na ukuza ya Kizulu zimetoka katika shina moja la kale. Wamejuaje? Hawakutazama neno moja tu, bali waliona kwamba sauti zabadilika kwa mpango. Tazama neno maji. Mswahili husema maji, Mnyakyusa husema amisi, Mnyarwanda husema amazi, Mzulu husema amanzi. Penye j ya Kiswahili katika kuja na maji, Kinyakyusa kina s katika ukwisa na amisi, na Kinyarwanda na Kizulu zina z. Mpango kama huo ukionekana katika maneno mengi, ndipo udugu wa lugha unapothibiti.

Basi hapa twapata jambo la kushangaza kidogo. Isa na kuja hazifanani masikioni, nazo ni ndugu wa tumbo moja.

ISA YA KIARABU

Isa, jina la Nabii, limetajwa mara 25 katika Kurani Tukufu. Mtoto wa chuoni aliyefundishwa vema ajua kwamba jina hilo haliandikwi kwa alifu mwanzoni, bali kwa ayn, herufi inayotoka kooni. Na i yake huvutwa, na a yake huvutwa. Kiswahili hakina ayn katika matamshi ya kawaida, wala herufi za Kilatini hazina alama yake. Kwa hiyo tunapoandika "Isa" kwa herufi hizo, ayn huanguka njiani, na jina la Kiarabu hubaki na sura ile ile ya amri ya Kinyakyusa. Kumbe kufanana huku, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya ulimi wetu na kalamu yetu.

Jirani zetu Wasomali walilitatua jambo hili kwa namna yao. Lugha yao ilipopewa maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, herufi c ilipewa kazi ya kuonyesha ayn. Kwa hiyo jina hilo kwao huandikwa Ciise. Wafaransa, kwa upande wao, waliandika Issa kwa s mbili. Nchi iitwayo leo Jibuti ilijulikana kati ya mwaka 1967 na 1977 kuwa ni Eneo la Waafar na Waissa, kwa jina la kabila la Kisomali. Jina ni moja, kalamu ni tatu.

ISA KATIKA NCHI ZA MBALI

Tukitoka Afrika ya Mashariki twalikuta neno hili mahali pengi, na kila mahali lina kazi yake. Huko Estonia, kaskazini mwa Ulaya, isa ni baba. Na Wafini, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiestonia, husema isä. Katika Kitagalogi cha Ufilipino, isa ni hesabu ya moja. Nchini Bukini, yaani Madagaska, mtoto akihesabu huanza isa, roa, telo, naye pia asema moja, mbili, tatu. Je, hawa wawili nao wamekutana kwa bahati tu? Hapana, hawa ni ndugu wa kweli. Lugha ya Bukini ililetwa na watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya mashariki, na jamaa yake wa karibu, Kimaanyan, husemwa mpaka leo katika kisiwa cha Borneo. Ndugu yao mwingine ni esa ya Kimalei, neno lililotumiwa na Waindonesia mwaka 1945 katika katiba yao kusema kwamba Mungu ni Mmoja.

Japani palikuwa na mshairi mashuhuri, Kobayashi Issa, aliyeishi kati ya mwaka 1763 na 1828. Jina lake la kishairi, Issa, huandikwa kwa alama mbili, ya moja na ya chai, nalo lamaanisha kikombe kimoja cha chai. Jina hilo halina uhusiano na jina la Nabii. Ila lile neno la chai lililomo ndani yake lilitoka China, na neno letu chai nalo asili yake ni huko huko, ingawa lilifika kwetu kwa njia nyingine. Mkulima wa Rungwe anayechuma majani ya chai ana jamaa ya neno hilo kinywani mwake kila siku, wala hakumtazamia kumkuta Japani.

Umebaki mfano mmoja unaohitaji uangalifu kuliko yote. Wahausa wa Afrika ya Magharibi, ambao wengi wao ni Waislamu, husema isa kwa maana ya kufika au kutosha. Na "ya isa" yaweza kuwa "amefika" au "yatosha". Hapa sauti yafanana na ya Kinyakyusa, na maana nayo yakaribiana, kwani kuja na kufika ni majirani. Nani asingeapa kwamba maneno haya ni ndugu? Lakini Kihausa si lugha ya Kibantu. Ni cha jamii nyingine, ile ambayo Kiarabu nacho kimo kwa mbali. Neno moja lenye sauti mbili tatu tu laweza kufanana na lingine pasipo udugu wowote, kama vile watu wawili wasiojuana wawezavyo kufanana uso.

HOJA NA USHAHIDI WAKE

Sasa turudi kwa yule msemaji wetu wa Rungwe. Ikiwa sauti ya neno isa ni ushahidi, basi Mwestonia naye ataleta ushahidi wake kwamba isa ni baba, Mfilipino ataleta wa kwake kwamba isa ni moja, na Mhausa ataleta wa tatu. Kila mmoja ataishuhudia dini kwa namna aipendayo, na mwingine atampinga kwa neno lile lile. Shahidi anayekubali kusema upande wa kila mdai hafai kusimama mbele ya kadhi.

Wala tusidhani kosa hili ni la wasemaji wa mikutanoni tu. Limo majumbani mwetu. Kijana aweza kudhani kwamba sala ya Isha imeitwa hivyo kwa kuwa ndipo sala za siku zinapokwisha. Lakini Isha ni neno la Kiarabu lenye ayn, na maana yake ni giza la usiku linapoingia. Kwisha ni kitenzi chetu cha Kibantu. Tena kwa hesabu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana, kwa hiyo Isha haiwi ya mwisho katika siku hiyo. Kadhalika kuishi na kwisha karibu zafanana, na hali moja ni uhai na nyingine ni ukomo. Kuishi ni ya Kiarabu, nayo ni ndugu wa maisha na wa jina Aisha, lenye maana ya aliye hai. Baba amwitaye bintiye Aisha amempa jina la uhai. Asikubali kudanganywa na masikio kwamba jina hilo lina mwisho ndani yake.

Kwa hiyo twawausia vijana wetu wayapime maneno kwa maswali matatu. Wenyewe hulitamkaje? Kwao maana yake ni nini? Na ndugu zake katika lugha jirani ni nani? Mwenye kujibu matatu hayo aweza kusema juu ya asili ya neno. Asiyeweza, na anyamaze kwanza aulize.

Na pa kuuliza ni karibu. Ziko nyumba ambazo watoto hukatazwa Kinyakyusa kwa kudhani kwamba ni lugha ya ushamba, au kwamba kinapunguza Uislamu wa mtu. Hilo si kweli. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Rum, aya ya 22, amezihesabu tofauti za lugha zetu miongoni mwa ishara zake. Mtoto asiyejua ukwisa na amisi hawezi kuuona udugu wake na kuja na maji. Nusu ya ushahidi imefichwa kwake. Bibi mwenye lugha yake angali hai katika nyumba nyingi za Rungwe. Vijana, mwendeeni na daftari mkononi, mumwamkie kwa heshima kama desturi yake ilivyo, mkaandike maneno yake pamoja na maana azitoazo yeye mwenyewe, kabla siku hazijampita.