Miwani Mfukoni, Helmeti Kichwani

Jioni moja nilipanda bodaboda Mbagala Rangi Tatu, naelekea Kongowe. Kabla ya kuwasha, dereva alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaitia mfuko wa kifuani na kufunga kifungo. Ndipo akavaa helmeti. Tulipofika nikamwonyesha geti lenye bango kubwa ng'ambo ya barabara. Akavua helmeti, akavaa miwani. "Ahaa, lile pale."

Kumbe njia nzima, katikati ya malori ya Barabara ya Kilwa, alikuwa haoni vizuri.

Jambo hilo halikunitoka. Nikarudi kijiweni kuuliza nani anavaa vyote viwili, nikapelekwa kwa mzee wao. Nikampa shikamoo.

"Mwanangu," akaniambia, "helmeti haigombani na macho. Inagombana na mikono ya miwani."

Mkono uliopinda nyuma ya sikio, anasema, haupenyi kwenye sponji. Ukilazimisha, miwani inakaa upande, na kabla ya adhuhuri kichwa kinagonga. Yeye alikwenda duka la miwani, mikono ikapashwa moto na kunyooshwa. Akanionyesha anavyofanya: helmeti kwanza, kioo juu, kisha kidole gumba kinabonyeza sponji juu ya sikio na mkono mwembamba unateleza ndani taratibu. Halafu upande wa pili. Alifanya hivyo mara tatu, nami sikuchoka kutazama.

Akienda Kariakoo kununua, huvaa helmeti pamoja na miwani na kusimama nayo robo saa, muuzaji anune asinune. Akitikisa kichwa nayo ikacheza, anairudisha. Wengi wenye miwani hununua kubwa ili wapate nafasi, na hapo ndipo anapokunja uso: ukianguka, helmeti ya namna hiyo inatangulia kuchomoka.

Masika yana taabu yake, maana pumzi hugeuka ukungu kwenye lenzi. Yeye husugua sabuni kavu kidogo, akaifuta mpaka ing'ae, na akiwa barabarani huacha kioo cha helmeti wazi upana wa kidole. Kioo cheusi usiku hakitaki kabisa. Chenye mikwaruzo nacho hukibadilisha, kwa sababu taa ya gari ikikipiga inatawanyika usoni.

Uchambuzi wa Cochrane wa 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni hesabu ya walioanguka. Miwani ni ya kukuzuia usianguke. Trafiki anakagua helmeti na leseni. Mfuko wa shati nani anaukagua?

Nilimtafuta yule dereva wangu, nikamweleza habari ya kunyoosha mikono. Alisikiliza kwa makini, akauliza ni shilingi ngapi. Sikuwahi kumjibu.

"Kaka, Kongowe!" mama mmoja mwenye mzigo aliita.

Akavua miwani, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.