Kiuno Kikiteguka Kazini, Karatasi Yako Yasemaje?

Tuseme kijana wetu wa Kisauni amepata kibarua cha ujenzi Magunga, kule Kaunti ya Homa Bay, chini ya vilima vya Gwassi, si mbali na ziwa. Siku moja ainua mfuko wa simiti wa kilo 50, ageuka nao, asikia kitu kimelia kiunoni. Aketi chini, hawezi kunyanyuka. Wenzake wampakia pikipiki hadi hospitali. Tabibu amuuliza, "Waumwa na nini, kaka?" Naye ajibu neno moja tu: "Kiuno." Yaandikwa: maumivu ya kiuno. Apewa vidonge, aenda zake.

Miezi mitatu baadaye yuko Mombasa, kiuno bado, na sasa ataka fidia kwa mwajiri. Karatasi aliyo nayo haisemi popote kwamba aliumia. Yasema kiuno chamuuma, basi. Na kiuno chaweza kumuuma hata mtu aliyelala kitandani.

Ndugu msomaji, tofauti hii ndogo ina msimbo wake, na ni vyema tuuelewe.

Hospitali hupanga magonjwa kwa herufi na tarakimu, kwa mfumo wa kimataifa uitwao ICD. Asili yake ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Tangu 1948 inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, ICD-10, herufi S ni ya majeraha. S30 hadi S39 ni majeraha ya tumbo, kiuno na nyonga. S33 ni viungo na kano za hapo kuteguka au kuchomoka. Ukifika S33.5, umefika penyewe: mteguko wa uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Kano ni zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zikivutwa kupita kiasi, hunyooka au huchanika kidogo, na hapo mtu hupinda kama upinde.

Majirani wa msimbo huu ndio wanaoleta mkanganyiko. S33.6 ni mteguko wa pale uti unapoungana na nyonga. S39.0 ni jeraha la misuli na mishipa yake, si kano. M51 ni matatizo ya diski zilizo kati ya pingili. Na M54.5 ni maumivu ya kiuno tu, bila kutaja chanzo. Herufi M ni ya maradhi ya mifupa na misuli kwa jumla, si ya ajali. Kijana wetu aliingizwa kwenye M, ilhali alistahili kuchunguzwa kama ni S.

Kuna msimbo mwingine unaosahauliwa zaidi, ule wa chanzo. X50 ni kujikakamua kupita nguvu za mwili. Herufi V ni ajali za usafiri, pikipiki zikiwemo. Y96 yaonyesha kwamba hali ile imetokana na kazi. S33.5 peke yake yasema umeteguka. Ikiandamana na X50 na Y96, yasema umeteguka ukibeba mzigo wa mtu mwingine.

Walio na jamaa Marekani huenda wameona S33.5XXA kwenye bili zao. Ni msimbo ule ule uliorefushwa kwa matumizi ya huko. A ni wakati wa matibabu yenyewe, D ni wakati wa kupona, na S ya mwisho ni madhara yaliyobaki baadaye. Toleo la ICD-11, lililoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, limebadilisha sura ya misimbo, lakini swali ni lile lile: ni jeraha, au ni maumivu tu?

Kwa nini tujali? Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA ya 2007, yampa mfanyakazi wa Kenya haki ya malipo ajali ikimzuia kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi. Dai lapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. M54.5 haifungi mlango kabisa, lakini yakuachia kazi ya kuthibitisha kilichotokea, mashahidi wako Magunga nawe uko Kisauni. Mvuvi au mwendesha bodaboda aliyejiajiri hana mwajiri wa kumdai, ila naye ana faida yake: kaunti hupanga kwa hesabu. Majeraha yakiandikwa maumivu, hesabu yasema watu hawaumii.

Tusiwaonee matabibu. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, kano haionyeshi. Mteguko hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kumpima kwa mikono. Mgonjwa akisema "kiuno" akanyamaza, tabibu mwaminifu ataandika alichosikia. Wala si halali kumbembeleza aandike ajali isiyokuwepo. Huo ni wizi, na huwaharibia walioumia kweli.

Basi fanya haya. Eleza siku, saa, ulikuwa ukifanya nini na mzigo ulikuwa wa uzito gani. Omba yaandikwe. Soma karatasi kabla hujatoka, na kama imekosewa, omba irekebishwe siku hiyo hiyo. Mjulishe mwajiri kwa maandishi. Ukihamia hospitali nyingine, beba karatasi ya kwanza, maana ya pili huandika yale uliyokuja nayo.

Na kiuno chenyewe? Miteguko mingi hupoa kwa wiki chache, na kutembea taratibu husaidia kuliko kulala siku nzima. Lakini miguu ikilegea, ukifa ganzi mapajani kwa ndani, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, usingoje kesho. Hapo si mteguko tena, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kijana wetu angaliongeza maneno machache tu: "Nimebeba simiti kazini, nikageuka, kikalia." Maneno hayo hayana gharama, na ndiyo yanayoweza kumpa msimbo wa kweli.