"Umekuwa wa Ngapi?"

Shule zikifungwa, kule kwetu Kawetele, Tukuyu, swali la kwanza ukifika nyumbani ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Darasa la tano nilikuwa wa tatu kati ya wanafunzi zaidi ya 80. Baba aliiangalia ripoti, akauliza, "Kwani huyo wa kwanza ana vichwa viwili?"

Simlaumu. Ada yangu ilitoka kwenye maziwa na ndizi, na kwa mzazi asiye na mshahara, elimu ya mtoto ndiyo akiba. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila mimi sikuongeza kusoma, niliongeza kuficha. Mitihani ya hesabu niliyofeli niliifukia migombani. Darasani nikaacha kunyoosha mkono, maana kuuliza ni kukiri kwamba hujui.

Kwenye saikolojia ya elimu tunamsoma Diana Baumrind, mtafiti wa Marekani aliyeanza kuchambua aina za malezi miaka ya 1960. Yupo mzazi wa amri, anayedai mengi na kusikiliza kidogo. Yupo anayeachia kila kitu. Na yupo anayedai mengi, lakini anaeleza sababu na kumsikiliza mtoto. Wengi tunadhani ukimwacha wa kwanza lazima uangukie kwa wa pili. Sivyo. Huyu wa tatu naye ana msimamo: madaftari anakagua, muda wa kusoma unajulikana. Tofauti ni kwamba mtoto anaweza kumpelekea sifuri wakakaa nayo pamoja. Kosa lililofichwa nani atalisahihisha?

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Majumbani bado tunatangaza. Na sisi wa ualimu tusijitoe: wangapi tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo tumesoma matokeo kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho? Mimi nimefanya hivyo. Yule wa mwisho kesho yake hakuja shule.

Basi tuanze na jambo dogo. Kabla ya "wa ngapi", tumuulize mtoto, au mdogo wako ukirudi likizo, "Swali gani limekusumbua?" Halafu tukae naye.

Mwaka jana nilipata sapu. Nimeshairudia na nimefaulu, lakini Baba hajui mpaka leo. Nina miaka 22, nasomea ualimu, na bado nafukia karatasi.