Jina la Faili Si Faili Yenyewe

Tumfikirie askari wa zamu huko Muganza, wilayani Rusizi, karibu na mipaka ya Burundi na Kongo. Kompyuta yake imepokea faili iitwayo "ripoti.pdf". Je, ni ripoti kweli? Herufi zile zifuatazo nukta ni lebo tu, na yeyote aweza kuzibadili. Mwezi Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilijifanya barua ya mapenzi. Jina lake liliishia TXT.vbs, lakini kwa kuwa Windows huficha kipande cha mwisho, wengi waliona TXT, yaani maandishi matupu. Kumbe ilikuwa programu! Ndiyo maana twawasihi ndugu zetu wauzime mpangilio huo wa kuficha.

Faili ya zip nayo ni furushi: ndani mna faili zilizobanwa, na zikifunguliwa hakipotei kitu. Maandishi hupungua sana. Picha za jpg hazipungui sana, maana zilikwisha kubanwa. Mmarekani Phil Katz, aliyeutunga muundo huo mwaka 1989, aliacha herufi zake, PK, mwanzoni mwa faili hizo. Mhalifu akiibandika zip jina la jpg, picha haitafunguka. Mpelelezi akizichungulia baiti za mwanzo, ataikuta PK pale pale.