USIMCHEKE MTOTO ANAYEZIBA MASIKIO

Likizo ikifika wengi wetu twageuka walezi. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini, nawe ndiwe umeachiwa kitindamimba wa miaka miwili. Unawasha blenda utengeneze maji ya maembe, mara mtoto anapiga ukwenzi, anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Wewe unacheka. Jirani naye anasema, "Huyo amedekezwa! Mweke karibu na hiyo mashine, atazoea tu. Samaki mkunje angali mbichi!"

Je, ni kweli? La hasha! Hebu tulitazame jambo hili kwa makini.

Kwanza kabisa ni masikio yenyewe. Tundu la sikio la mtoto ni fupi na jembamba kuliko la mtu mzima. Kama vile filimbi ndogo itoavyo mlio mwembamba kuliko filimbi kubwa, tundu dogo nalo huzivumisha zaidi sauti nyembamba. Kwa hivyo mlio wa blenda au wa msumeno wa seremala huweza kumfikia mtoto ukiwa na makali kuliko unavyotufikia sisi.

Pili ni akili. Wewe uliyebonyeza swichi wajua kelele inatoka wapi na itakoma lini. Yeye hajui lolote. Kwake ni kama ngurumo imeingia jikoni! Isitoshe, nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji na paa la mabati, na sauti humo hurudi na kuvuma. Hofu ya aina hii ni ya kawaida sana kwa watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na wengi huiacha wakikua.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, na blenda nyingi hufika kati ya 80 na 90. Usidhani ati tofauti ni ndogo. Kila zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huzidishwa mara 10. Basi kutoka 60 hadi 90 ni mara 1,000! Blenda ya dakika moja haitamwua mtoto masikio. Kinachoumia ni moyo wake.

Tena hofu hufunzwa. Mwaka wa 1920, huko Marekani, mtaalamu John B. Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walieleza jaribio walilomfanyia mtoto wa miezi kama 11. Mtoto huyo hakuwa akiogopa panya mweupe. Basi kila alipomgusa panya, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake. Baada ya mara chache tu, alianza kulia akimwona panya peke yake, hata bila kishindo. Jaribio kama hilo lisingekubaliwa siku hizi, lakini lilithibitisha walilonena wahenga: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana kitindamimba wako hulia akiiona blenda tu, hata kabla haijawashwa. Ukimshikilia karibu nayo kwa nguvu, unamwongezea kidonda chumvi.

Sasa dawa ni nini? Mwaka wa 1924 Mary Cover Jones, Mmarekani vilevile, alieleza alivyomsaidia mvulana wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Mtoto alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliletwa akiwa mbali ndani ya kizimba. Siku baada ya siku alisogezwa kidogo. Wakati mwingine watoto wengine wasioogopa walicheza na sungura huyo mbele yake. Mwishowe mvulana akampapasa sungura mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba!

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani:

1. Mwambie kabla. "Sasa nawasha. Moja, mbili, tatu!" Mkihesabu pamoja, kelele haimvamii tena.

2. Chomoa waya wa stima, uondoe visu vya blenda, kisha umwache aiguse na kuichezea.

3. Iwashe kwa sekunde chache tu yeye akiwa mbali, pengine mlangoni au mikononi mwa dada yake. Kesho sogea hatua moja. Akilia, rudi nyuma, si mashindano.

4. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mashine ili kupunguza mtetemo.

5. Usimtie pamba masikioni. Yaweza kukwama ndani, na mtoto anayezibwa masikio kila wakati huenda akazidi kuzichukia sauti.

6. Usimwite mwoga, wala usimpige. Mkumbatie, umtajie kitu chenyewe: "Hiyo ni blenda. Imezimika." Mtoto mwenye jina la kitu hicho ameanza kukishinda.

Hata hivyo, kuna dalili ambazo hatufai kuzipuuza. Mtoto akilia kwa sababu ya sauti huku ana homa na anavuta sikio, huenda sikio lina ugonjwa. Akiwa anashindwa kula au kulala kwa hofu ya kelele, au haitiki jina lake na amechelewa kusema, apelekwe kliniki akachunguzwe. Baadhi ya watoto wenye usonji huumizwa mno na sauti, na msaada wa mapema huwafaa.

Na je, yule asiyeshtuka kamwe? Huyo ndiye husifiwa kijijini, "Mtoto mtulivu, hata sufuria ikianguka haamki!" Jamani! Mtoto mchanga hutarajiwa kushtuka, arushe mikono na kuikunja kama anayekumbatia. Asiposhtuka hata kwa kishindo, pengine hasikii, naye anahitaji daktari upesi kuliko yule anayelia, maana mtoto hujifunza kusema kwa kusikia.

Ndugu msomaji, methali ya samaki ni ya kweli, lakini ukimkunja kwa ghafla hata aliye mbichi huvunjika. Likizo hii, kabla hujabonyeza swichi, hesabu moja hadi tatu kwa sauti ya upole. Gharama yake ni sekunde tatu tu.