Makaa Yasiyo Moshi

Katika majumba yetu ya pwani kuna desturi ambayo kila binti hujifunza kwa mamake pasina kuambiwa sababu yake. Jiko la makaa huwashiwa uani, hupepewa mpaka moshi umalizike na makaa yakolee wekundu, ndipo liingizwe ndani. Hudhaniwa kwamba moshi ndio wenye madhara, na ukishatoka, kilichobaki ni joto tupu. Moshi una madhara, ni kweli; lakini dhana hiyo ya joto tupu imeua watu.

Moshi ni masizi, mvuke na mafuta ya mti ambayo moto haukuwahi kuyaunguza. Mengi ya hayo mchoma makaa alikwisha kuyatoa alipoufukia mti kwa udongo ukaungua kwa hewa chache. Kilichobaki ndani ya gunia ni kaboni karibu tupu. Kwa hiyo makaa yaliyokolea hayafuki moshi, wala hayatoi ndimi kubwa kama kuni. Hata hivyo yanaungua.

Na moto hauishi ila kwa vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na oksijeni iliyomo hewani. Oksijeni ikiwa tele, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni, ikawa gesi ile ile tunayoitoa tushushapo pumzi. Oksijeni ikipungua, kaboni huambulia chembe moja tu, nayo ndiyo kaboni monoksaidi. Katikati ya rundo la makaa hewa haifiki ya kutosha, basi gesi hii huzaliwa hata jiko likiwa uani. Zile ndimi za buluu zinazochezacheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikimalizikia kuungua. Zikikoma, msidhani imekwisha. Huweza kuwa inapanda bila kuungua.

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Uzito wake unakaribia sana uzito wa hewa, hivyo huenea chumba kizima, na kulala chini au kitandani hakumwokoi mtu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, damu ikazunguka mwilini imebeba kisichofaa. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu ikamlegea. Aliyelala huenda asihisi lolote kati ya hayo.

Nawaandikia haya hasa kwa ajili ya wazazi walio ndani ya arubaini. Mabibi zetu waliwakanda wazazi kwa maji ya moto, wakawafukiza udi, na wengine wakaweka jiko chini ya kitanda ili mwili ukaze. Sina ugomvi na kukanda wala na udi. Lakini nyumba nyingi za zamani zilikuwa za udongo na makuti, upepo ukipita baina ya ukuta na paa. Chumba cha leo ni cha mawe na dirisha la kioo, mlango umefungwa na pazia limeshushwa ili mzazi asipigwe na upepo. Tena mtoto mchanga huvuta pumzi kwa haraka kuliko mamake. Maji yachemshiwe nje, yaletwe ndani, na jiko libaki huko huko. Chetezo chatosha kwa kaa moja dogo, dirisha likiwa wazi, nacho kitolewe mara udi umalizikapo.

Wako wanaofukia makaa kwa majivu usiku ili yafike asubuhi. Majivu huyanyima hewa, nako ndiko kuizidisha sumu. Hata majiko ya udongo yenye ganda la bati, yaliyoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika lakini hayaondoi hatari hii.

Abu Musa al-Ash'ari, Allah amridhie, amesimulia juu ya nyumba ya Madina iliyowaungulia wenyewe usiku, na Mtume (SAW) akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Wameipokea Bukhari na Muslim. Tumezoea kuifahamu amri hiyo kwa taa na ndimi za moto. Mimi naona inalienea na kaa lisilo ndimi.

Akikutwa mtu amelegea chumbani, mlango na madirisha yafunguliwe, atolewe nje upesi, kisha apelekwe hospitali. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Sumu imo damuni, si tumboni. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo hukaa kama saa 4 au 5 ndipo itoke. Kwa oksijeni safi ya hospitali huchukua kama dakika 80. Mja mzito apelekwe hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi, na humtoka polepole kuliko inavyomtoka mama.