Mapafu ni amana: kipimo kisitengwe na kuacha sigara

Ijumaa hii tunazungumzia maradhi ambayo katika nyumba zetu nyingi hujulikana yakiwa yamekwisha kukomaa: saratani ya mapafu.

Mwenye uvimbe mdogo pafuni aghalabu haumwi wala hakohoi. Akianza kukohoa, huku kwetu hudhaniwa kwanza kuwa ni kifua kikuu, na miezi hupita. Ndipo wataalamu wakatafuta njia ya kumchunguza mvutaji angali mzima. Mwaka 2011 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 53,000 wa miaka 55 hadi 74, waliovuta sana kwa muda mrefu. Miongoni mwa waliopimwa kwa CT-Scan ya mionzi midogo, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 20 kulinganisha na waliopigwa eksirei ya kifua.

Lakini kipimo hakimwondolei mtu sigara mkononi. Tena kina fitina yake: aliyeambiwa mapafu ni salama aweza kuwasha nyingine langoni mwa hospitali, ilhali jibu lile ni la siku ile tu, na moyo wake haukuahidiwa lolote. Waingereza wamelizingatia hilo. Mjini Manchester, mwaka 2016, walianza kupeleka mashine ndani ya magari makubwa hadi kwenye maduka ya watu. Mpango wa England, uliotangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2023, huwaalika waliowahi kuvuta wa miaka 55 hadi 74, na ambaye bado anavuta husaidiwa kuacha.

Kwetu CT-Scan imo katika hospitali kubwa tu, na makovu ya kifua kikuu yaweza kumdanganya msomaji wa picha. Basi tuanze na kisichohitaji mashine. Kumuuliza mgonjwa kama anavuta, kumshauri na kumwelekeza kwa mwenye kumsaidia hakuzidi nusu dakika, awe amekuja kwa presha au kwa jino. Aulizwe faragha, kwani wako akina baba wanaovuta miaka mingi pasipo wakwe zao kujua. Dawa za nikotini ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni zikafuata mwaka 2021. Si anasa, na zahanati isione haya kuziagiza.

Ramadhani ni fursa ambayo vituo vyetu huipoteza. Mvutaji aliyefunga hukaa saa 13 na ushei bila moshi, kisha hufuturu kwa sigara. Daktari angemwandaa tangu Shaaban. Wengi wanahofia bandiko la nikotini litabatilisha saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, liliamua mwaka 1997 kwamba vinavyopenya kwenye ngozi, zikiwemo plasta zenye dawa, haviharibu funga. Ubani wa nikotini, kwa kuwa hutafunwa, ungoje magharibi. Nalo bandiko libandikwe juu ya kiwiko, katika sehemu ya mkono ambayo si faradhi kuoshwa katika udhu. Kwa josho la janaba libanduliwe.